Sauti ya Msumari

Baba yangu alianza kutowasikia watu miaka mingi kabla hajaacha kusikia chuma, na ndiyo maana tulichelewa kushtuka. Mtu asiyekusikia wewe lakini anaisikia nyundo yake, huyo humwiti kiziwi, unamwita mkaidi. Mama alikuwa akimwita mkaidi tangu mimi niko tumboni, kwa hiyo neno lilikuwepo nyumbani tayari, halikuhitaji kutafutwa.

Kazi yake ni kuvisha farasi viatu. Ndiyo kazi yangu pia, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, ingawa mimi ni mwanamke na hadi leo wako watu wanaonikuta nimeinama na mguu wa farasi mapajani, jasho linanitiririka, wakaniuliza fundi yuko wapi. Nawaambia amekwenda kula. Wakisubiri, shauri yao.

Baba hakukulia kwenye farasi. Alianza kwenye karakana ya mageti na nondo za madirisha, kijana mwembamba mwenye makovu ya cheche mikononi, na farasi alikuwa akiwaona kwa mbali tu wakivuta mikokoteni ya magogo. Siku moja mwenye mkokoteni akaingia pale na farasi aliyedondosha kiatu njiani. Mwenye karakana akamwambia hapa tunatengeneza mageti. Mafundi wengine wakarudi nyuma, kila mmoja akakumbuka kazi iliyokuwa ikimngoja. Baba akaunyanyua ule mguu kwa sababu, anavyosema mwenyewe, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inabidi kuogopa. Farasi akamwegemea. Uzito wote wa bega ukamjia mgongoni, bila ubaya, kama mtu aliyechoka anapopata ukuta. "Nikasema, huyu ameniamini," husimulia baba, "sasa mimi nitamwachaje?" Hakumaliza mwaka pale kwenye mageti. Alimfuata fundi mmoja wa kwato, mlevi wa kutupwa lakini mwenye mkono wa dhahabu, akamshikia koleo mpaka alipoyapata yote aliyokuwa nayo isipokuwa ulevi.

Mguu haushikwi, unaombwa. Hilo ni neno lake, na usipolifuata hufanyi naye kazi. Kwanza farasi atembezwe, aende na arudi, baba amesimama na mikono nyuma akiangalia anavyokanyaga. Kisha ampe mgongo wa mkono anuse. Kisha kiganja kiwekwe begani na kiteremke taratibu hadi kifundoni bila kunyanyuliwa hata mahali pamoja, ili mnyama asipate pa kushangaa. Halafu angoje. Farasi akiutoa mguu, sawa. Asipoutoa, baba anarudi begani kuanza upya, hata kama mwenye farasi ameshaanza kutazama saa. Kiatu cha zamani akikitoa anakigeuza kwenye mwanga kwanza kama mshona viatu anavyotazama soli, ajue mwili wote unalemea wapi. Na muda wote huo anapiga soga. Anawasimulia farasi mambo ya nyumbani kwetu. Nina hakika wako farasi wanaojua kwa nini uchumba wangu wa kwanza ulivunjika, jambo ambalo mama mwenyewe hajaambiwa.

Lakini soga lilikoma kwenye misumari. Hapo alikuwa akinyamaza.

Ukwato una ukuta wa nje, mgumu, usio na maumivu, kama ukucha wako unaoukata. Ndani ya ukuta huo kuna nyama yenye damu. Kati ya kimoja na kingine nafasi ni nyembamba mno. Msumari wetu umechongwa upande mmoja ili ukipigwa upinde kuelekea nje, utokeze ubavuni mwa ukwato, tuukate ncha na kuukunja. Ukiwa ndani huuoni. Kinachokuongoza ni sikio. Msumari unaopita kwenye ukuta mgumu unalia, na kila pigo mlio wake unapanda. Ukielekea nyamani, mlio unakufa, unakuwa butu kama unapigilia mkate. Hapo unasimama na kuchomoa, hata kama limebaki pigo moja. Lilikuwa somo langu la kwanza. Baba alinikalisha juu ya ndoo nikiwa nimefumba macho, akawa anapigilia misumari kwenye ukwato wa farasi aliyekufa, na mimi nikitakiwa kusema "Acha!" mara tu mlio unapobadilika. Nikikosea alikuwa akicheka mpaka mama anachungulia.

Masikio yake yameliwa na fuawe, kile chuma kizito anachopondea viatu vya farasi. Maisha yote chuma juu ya chuma, kichwa kimeinamia pale pale kelele inapozaliwa. Nilimnunulia vizibo vya masikio, vile vya kiwandani, akavitundika ukutani vikawa pambo. "Nikiziba masikio nitamsikiaje farasi?" alinijibu. Na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana hata hasira yangu hukosa pa kushika. Angeyaziba angekuwa nayo hadi leo. Aliyaacha wazi kwa ajili yao, yakaisha.

Nyumbani runinga ilipandishwa sauti mpaka jirani akawa anazijua habari kupitia ukutani. Ukimwambia chai tayari, anakujibu kwamba mvua haitanyesha leo. Tulikuwa tukicheka, naye akicheka pamoja nasi bila kujua tunacheka nini. Alipoona mazungumzo yanamponyoka alianza kusimulia yeye, maana anayesema hana haja ya kusikia. Na akibanwa, kosa lilikuwa letu. Watu wa siku hizi wanamung'unya maneno, hawafungui midomo, wanaongea kama wameficha pipi. Mama akambembeleza, akambembeleza, mpaka akampangia siku ya kwenda kwa daktari wa masikio. Siku ilipofika baba akawasha gari la kazi alfajiri na kutokomea.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama akasema. Mara akageukia jiko lake, akawa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Mimi nilikuwa na imani yangu moja. Nilikuwa nikimchunguza kazini bila yeye kujua, na kila mara msumari ulipokwenda kombo niliona mkono wake unasimama wenyewe, unauchomoa, unaupiga upya. Nikasema basi, watu hawasikii lakini chuma bado anakisikia. Asiposikia kuhusu chai si tatizo, chai haichechemei. Siku atakaposhindwa kuusikia msumari nitamwambia aache, hata kama atanichukia. Niliapa hivyo moyoni, nikawa naomba siku hiyo isifike.

Ilifika kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa farasi jike wa kijivu, mzee, wa mama mmoja mjane anayefundisha watoto kupanda farasi, ambaye sisi tunamwita Mama Farasi na mwenyewe anaitika. Viatu vya kwanza vya Bi Mkubwa alimvisha baba, na tangu hapo hakuwahi kuguswa na fundi mwingine. Nusu ya watoto wa mtaa ule walijifunzia mgongoni mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuangushwa. Kwa baba alikuwa hangoji kuombwa. Akimwona anafunga aproni yake ya ngozi, mguu ulikuwa tayari uko juu. Walikuwa wamezoeana hadi aibu. Mama alikuwa akisema kwamba mke wa pili nyumba hii ni yeye mwenyewe, na hasemi kwa ubaya.

Asubuhi hiyo ardhi ilikuwa na unyevu na banda lilikuwa na harufu ya majani makavu. Nilikuwa mwisho wa banda na farasi kijana mwenye mateke, mguu wake wa nyuma nimeubana mapajani. Baba alikuwa karibu na mlango na Bi Mkubwa, mguu wa mbele. Nyundo ya baba ninaijua bila kuitazama. Misumari ya mwanzo ililia vizuri. Kisha nikasikia ti, ti, halafu tup.

Nikangoja auchomoe. Akapiga tena. Tup.

"Acha!" nikaita. "Baba, acha!"

Yule farasi kijana akarusha mguu kwa ukelele wangu, karibu anivunje mkono. Nilipojinasua na kukimbia mpaka mlangoni, baba alikuwa ameshapiga pigo la mwisho na kuikata ncha. Alikuwa akiongea. Kwenye msumari, mahali ambapo hakuwahi kufungua mdomo, alikuwa akimsimulia Bi Mkubwa habari za bomba la uani kwetu linaloziba. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameacha kusikiliza, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kusikiliza. Sijui ni tangu lini. Yawezekana mkono wake ulikuwa ukifanya kazi kwa mazoea tu, na bahati ikimbeba.

Nikamgusa bega. Akainua uso, akatabasamu, kisha akauona uso wangu.

Niliuchomoa ule msumari mwenyewe. Ulitoka umelowa, mwekundu. Baba akautazama kiganjani mwangu, akautazama ukwato, akanitazama mimi.

"Farasi kasogea," akasema.

Bi Mkubwa hakuwa amesogea. Hata alipoumia alitetemeka tu begani, na mguu akauacha pale pale mikononi mwa baba.

Tulimwosha, nikatia dawa kwenye tundu, tukamfunga. Daktari wa mifugo akaja kumchoma sindano ya pepopunda. Mama Farasi alipotoka ndani na kuuliza, nikamwambia msumari umegusa nyama, hutokea. Ni kweli hutokea, hata kwangu imeshatokea, na mara nyingi baada ya siku chache farasi anakanyaga kama kawaida. Sikumwambia kwamba mimi niliusikia kutoka mwisho wa banda, na yule aliyekuwa ameuinamia hakuusikia.

Garini, njiani kurudi, nilipiga moyo konde. Macho yakiwa barabarani nikasema, "Baba, husikii tena."

"Tutajaza kesho," akajibu. "Mafuta yanatosha kufika nyumbani."

Sikuwa na nguvu ya kurudia.

Kesho yake tulikuwa na kazi sehemu nyingine. Nilipakia vyombo mapema, na nyundo yake ya misumari nikaiacha ndani ya nyumba. Akapekua boksi, akapekua tena.

"Nyundo yangu iko wapi?"

Nikamgeukia ili auone mdomo wangu. "Leo misumari napiga mimi. Wewe kata kwato, pima viatu. Hayo hakuna anayekuzidi."

"Kwani mimi naumwa?"

"Huumwi, baba."

"Nani alikufundisha kushika nyundo?"

"Wewe."

"Farasi alisogea."

"Hakusogea, baba."

Nimewahi kumjibu baba vibaya mara nyingi, mdomo wangu sijui kuufunga na yeye ndiye aliyenirithisha. Lakini hakuna neno nililowahi kumwambia likamwingia kama hilo. Uso ulimshuka. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti cha mbele alichokuwa akikalia, akaondoka kwa miguu. Nilidhani amekwenda kupoza hasira. Alikuwa amekwenda kwa Mama Farasi.

Akawa anakwenda kila siku. Jeraha lilikuwa limetunga usaha ndani, juu, mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki. Baba alichemsha maji, akayapoza kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akamtumbukiza Bi Mkubwa mguu ndooni na kuketi naye akimsimulia. Daktari akafungua ukwato kwa chini, usaha ukatoka, tukafurahi. Ukarudi. Dawa zikabadilishwa. Mimi nikimaliza kazi zangu napitia pale, namkuta baba kwenye majani, miguu ameinyoosha, kichwa cha farasi kiko karibu na bega lake. Hatukuzungumzia nyundo. Tulizungumzia usaha, ni wa rangi gani leo, na una harufu gani.

Farasi hawezi kusimama kwa miguu mitatu kama sisi tunavyoweza kuchechemea na fimbo. Akiuonea huruma mguu mmoja wa mbele kwa muda mrefu, ule mwenzake unabeba mzigo usio wake, na mwishowe ukwato wa mguu mzima nao unaanza kuachana na mfupa wake. Baba ndiye aliyeona kwanza. Alinishika mkono akaupeleka kwenye ule mguu wa pili, nikausikia moto wake kiganjani. Tukatazamana. Hilo halihitaji masikio. Kesho yake Bi Mkubwa alilala chini na hakuinuka tena.

Daktari alikuwa mtu muungwana. Alimweleza Mama Farasi polepole, kisha akamgeukia baba na kuanza upya, akitamka kila neno. Miguu yote miwili ya mbele imekwisha. Anateseka. Tusimrefushie. Mama Farasi akasema, "Fundi, wewe unasemaje?" na mimi nikamchukia kidogo kwa kumuuliza, ingawa alimuuliza kwa heshima.

"Nimvue viatu kwanza," baba akasema.

Alimvua mwenyewe. Alipiga magoti kwenye majani, akaweka kiganja begani, akateremka nacho hadi kifundoni, akangoja. Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu, hana hata nguvu ya kufukuza nzi, lakini aliukunja mguu kidogo kumpa. Mama Farasi akatoka nje. Mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nimeshika koleo. Baba akazikunjua ncha, akaichomoa misumari mmoja mmoja, bila haraka, akawa ananipa. Alipofika kwenye mguu ule, ambao hatukuurudishia kiatu tangu siku ile, alitulia akautazama.

"Uliusikia?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikasogea mbele yake. "Niliusikia."

"Kutoka kule mwisho?"

"Kutoka kule."

"Ukaniita."

Hakuuliza, lakini nikajibu. "Nilikuita, baba."

Akatikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayekubaliana na mtu mwingine ambaye hayupo. Alinirudishia kisu cha kwato, akanirudishia tupa, akajifuta mikono kwenye suruali. "Misumari yako inalia vizuri," akasema. "Nilikuwa nikiisikia zamani." Nilitamani anitukane.

Daktari akaingia na Mama Farasi nyuma yake. Baba hakutaka kukaa kichwani. Alikaa pale pale miguuni, ametupa mgongo, ameukumbatia ule mguu mbovu mapajani kama anayetaka kuanza kazi, na akaanza kusimulia. Akamwambia kwamba bomba la uani limezibuliwa na limeziba tena. Akamwambia kwamba mke wake amempa salamu. Daktari akachoma sindano shingoni. Bi Mkubwa akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine fupi. Baada ya hapo banda likawa kimya, ule ukimya ambao kila mtu mle ndani aliujua maana yake, isipokuwa mmoja.

Daktari akasikiliza moyo kwa kifaa chake, akangoja, akasikiliza tena. "Tayari," akasema kwa sauti ya chini. Mama Farasi akageukia ukutani.

"Wewe pumua tu," baba alikuwa akisema. "Usiwe na haraka, bibi yangu, leo hatuna kazi nyingine. Mvua ikikatika tutakutembeza. Huyu binti yangu atakufanyia viatu vyepesi, ana mkono mzuri kuliko wangu, sema ana kiburi. Wewe pumua."

Daktari alinitazama, akainamisha macho. Nilikuwa naweza kumwacha aendelee, na kwa kitambo nilimwacha, kwa sababu ndani ya yale maneno Bi Mkubwa alikuwa bado hajafa. Kisha nikaona siwezi kumfanya baba yangu kichekesho cha banda zima. Nikamzunguka, nikachuchumaa mbele ya uso wake, karibu kabisa.

"Baba," nikasema, "amekwenda."

Akautazama mdomo wangu. Nilikuwa nalia, na midomo ya mtu anayelia haisomeki.

"Sikusikii, mwanangu," akasema. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu hivyo. "Sema kwa nguvu."

Nikapaza sauti. Nilipaza kiasi kwamba farasi wote wa banda walitupa vichwa juu, na watoto waliokuwa wakingoja nje getini wakasikia. "Bi Mkubwa amekufa, baba!"

Akaweka mkono nyuma ya sikio, akaniinamia.

Ikabidi nirudie.